Bifu la Kioo cha Nyuma: Jinsi Msumeno wa Gereji ya Nyumbani Ulivyokata Mamilioni

Kuna watu ambao historia haikuhifadhi majina yao, na pengine wenyewe wangeomba ibaki hivyo hivyo. Ni wale jamaa wa Marekani na Ujerumani ambao wikiendi moja waliingia gereji ya nyumbani na msumeno wa chuma, wakakata nguzo nyembamba iliyogawa kioo cha nyuma cha gari, wakaweka kioo kipya kizima, wakamwagia maji kuona kama kinavuja, wakafurahi. Kazi safi kabisa. Majirani wakasifia.

Miongo kadhaa baadaye nguzo ile ile ndiyo inayotenganisha gari la zamani la kawaida na gari linalopandishwa jukwaani kwenye mnada huku watu wakirusha mikono juu.

Stori inaanzia mbali kidogo, kwenye gari ambalo karibu kila mtu amewahi kuliona hata kama hajui jina lake: Volkswagen Beetle, lile la mgongo wa kobe. Kwenye magari ya majaribio ya mwaka 1937, nyuma hapakuwa na kioo kabisa. Dereva akitazama kioo cha ndani alikuwa anaona bati tu. Matoleo ya 1938 ndiyo yaliyopata dirisha la nyuma, tena si moja bali mawili madogo, kila moja kama nusu ya yai, katikati pakiwa na nguzo ya bati.

Kwa nini mawili? Zama hizo kioo kikubwa kilichopinda kilikuwa shughuli nzito na ghali, na gari lenyewe lilikusudiwa liwe la bei ya chini. Vipande viwili vidogo vikiwekwa kwa pembe kidogo vilifuata umbo la mgongo bila kuvunja mfuko wa kiwanda. Wajerumani wakaliita dirisha hilo kwa jina la mkate wao uliosokotwa, ule wenye matundu. Ukilitazama kwa nyuma unaelewa.

Tarehe 10 Machi 1953 kiwanda cha Wolfsburg kikaondoa nguzo. Kikaja kioo kimoja chenye umbo la yai lililolala. Basi, toka siku hiyo, kila aliyekuwa na Beetle ya madirisha mawili akawa na gari la zamani, hata kama alilinunua mwezi mmoja nyuma.

Hapo ndipo maumivu yalipoanza, na ni maumivu ambayo kijana yeyote wa leo anayajua. Umenunua simu, mwezi haujaisha limetoka toleo lenye kamera tatu. Mtaani wapo mafundi wanaochukua iPhone XR na kuivisha umbo la 13 Pro, na wateja wao si haba. Wenye Beetle za zamani walikuwa na shida ile ile, ila dawa yake ilikuwa msumeno. Kata nguzo, piga tupa kingo, weka mpira na kioo cha toleo jipya. Ukipita barabarani, anayekuja nyuma hajui kama gari lako ni la 1951 au la juzi.

Kiwanda nacho hakikuwaonea huruma. Kwa matoleo ya mwaka 1958 lile yai nalo likatupwa, likaletwa dirisha la pembe nne lililokaribia kuwa kubwa mara mbili. Kwa hiyo yule aliyekata bati lake ili afanane na watu wa 1953, baada ya miaka minne na ushee akawa mshamba tena. Ukifukuzana na toleo jipya ni lazima uwe na pumzi.

Kwa Afrika Mashariki, mwaka huo 1953 una kumbukumbu yake. Mwishoni mwa Mei, miezi miwili na nusu tu baada ya nguzo kuondolewa Wolfsburg, yalianza mashindano ya kwanza ya Safari, yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka uliofuata, 1954, Beetle ikachukua ushindi wa jumla, ikarudia 1957 na tena 1962. Gari dogo lisilo na mbwembwe likayatimulia vumbi magari ya wakubwa. Ndiyo maana mpaka leo ukikutana na Beetle iliyofunikwa turubai uani kwa mzee fulani, mzee hauzi. Ukimuuliza bei anabadilisha mada.

Lakini bifu lenyewe, lile la kugombana hasa, lilikuwa Detroit.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Motors ilikuwa inaandaa Corvette mpya. Upande mmoja alikuwepo mkuu wa mitindo, mtu wa suti za kuita macho na maneno makali, aliyependa magari yaonekane kama viumbe vya baharini. Jina la gari, Sting Ray, ni la samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani. Upande wa pili alikuwepo mhandisi aliyezaliwa Ulaya, dereva wa mbio aliyekwishakimbia Le Mans na kushinda katika daraja lake. Kwake yeye gari ni kifaa cha kuendesha kwa kasi, na mtu anayekimbia anataka kujua nani yuko nyuma yake.

Mkuu wa mitindo alitaka mstari kama uti wa mgongo utoke kwenye boneti, upande juu ya paa, ushuke hadi mkiani bila kukatika. Ili usikatike ilibidi upite katikati ya kioo cha nyuma na kukigawa viwili. Mhandisi akasema hapana, nguzo hiyo inakaa pale pale macho ya dereva yanapotafuta gari la nyuma. Mkuu wa mitindo akashikilia kwamba ukitoa mstari huo umeharibu gari zima. Wakavutana kweli kweli. Mwishowe wa mitindo akashinda, na Corvette ya 1963 ikatoka na kioo cha nyuma chenye vipande viwili.

Ushindi wake ulidumu mwaka mmoja. Waandishi wa majarida ya magari waliojaribu gari hilo waliisifia injini na ukaaji wake barabarani, kisha wakaisema nguzo. Kwa toleo la 1964 nguzo ikaondolewa, kikawekwa kioo kimoja kipana. Mhandisi akapumua.

Sasa turudi kwa wasio na majina. Mtu ana Corvette ya 1963. Ameilipia zaidi ya dola 4,000, pesa ndefu kwa wakati ule. Kila akirudi nyuma ana wasiwasi, na jirani yake kaja na ya 1964 yenye kioo kizima. Akagundua kwamba kioo cha 1964 kinaweza kukaa kwenye gari la 1963, ukishaondoa tu ile nguzo. Na bodi ya Corvette si bati, ni faibaglasi, kitu kinachokatika kwa msumeno wa kawaida na kuzibika kwa gundi na nyuzi zake. Unategemea angefanya nini?

Wapo wanaowacheka watu hawa leo, na si haki. Nguzo ilikuwa kero ya kweli. Mtu aliyekata hakuwa mjinga wala hakuwa anafuata mkumbo tu, alikuwa anaongeza usalama wa gari alilokuwa analiendesha kila siku na familia yake. Isitoshe alikuwa anafanya kile ambacho kiwanda chenyewe kilikuwa kimeshakubali kukifanya. Hakuna aliyemwambia kwamba gari lake lingekuja kutunzwa kama pete ya bibi.

Na kazi yenyewe, ukiiondoa ile sehemu ya msumeno, ilikuwa ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida. Hili ndilo linalosahaulika. Kioo cha nyuma cha magari ya zama zile hakikugandishwa kwa gundi kali. Kilishikwa na mpira mmoja mnene uliozunguka kioo kizima, wenye mfereji kwa ndani unaokamata kioo na mfereji mwingine kwa nje unaokamata ukingo wa bodi. Ukijua mpira unavyokaa, umejua nusu ya kazi.

Mpira wa miaka mingi unakuwa umepigwa na jua mpaka umekauka kama ngozi ya ngoma. Haufai kuokolewa. Waliojaribu kuubembeleza na bisibisi ili watumie tena ndio waliovunja kioo. Fundi mzoefu anachukua wembe, anakata mdomo wa mpira kuzunguka, halafu mmoja anasukuma kioo taratibu kutoka ndani huku mwenzake akikipokea nje.

Kama kioo kimeshavunjika ni habari nyingine. Cha mbele huwa ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, kikipasuka kinabaki kimeshikana. Cha nyuma kwa kawaida ni kioo kilichopashwa moto mkali kisha kikapoozwa ghafla kwa hewa. Ngozi yake ya nje inapoa kwanza na kukaza, ya ndani inavuta, na mvutano huo ndio unaokipa nguvu. Ukikisukuma kwa kiganja katikati kinavumilia. Ukikigusa kidogo tu pembeni na chuma chenye ncha, kinamwagika chote kwa mkupuo, chenga elfu kidogo kama chumvi ya mawe. Chenga hizo zinaingia chini ya kiti, kwenye mikunjo ya kitambaa, kwenye tundu la mkanda, na mwaka mzima baadaye mtu anaketi na kuruka. Glovu, miwani na mashine ya kufyonza vumbi si mbwembwe.

Kioo kikishatoka, ukingo wa bodi unabaki wazi, na hapo ndipo gari la zamani linaposema ukweli. Chini ya mpira ndiko maji yalikokuwa yanakaa miaka yote. Kwenye Beetle na magari mengine ya bati unakuta kutu imevimba kama upele, sehemu nyingine imeshatoboka. Wenye haraka wanapaka silikoni juu na kuendelea. Mvua ya kwanza maji yanapita pale pale, yanashuka nyuma ya kiti, na kutu inakula sakafu bila mtu kujua. Mwenye akili anasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe, anapaka rangi ya kuzuia kutu, anasubiri ikauke. Sehemu hii ya kusubiri ndiyo inayowashinda wengi.

Halafu inakuja kamba, sehemu tamu kuliko zote. Mpira mpya unavishwa kwanza kwenye kioo, kikiwa kimelazwa juu ya blanketi. Kwenye ule mfereji wa nje unazungushwa uzi imara, wenye kuteleza, mzunguko mzima, ncha zake mbili zikipishana chini katikati. Unapaka maji ya sabuni kila mahali. Kioo kinawekwa mahali pake kutoka nje, ncha za kamba zikining'inia ndani ya gari. Mmoja nje anakandamiza kwa viganja, mwingine ndani anavuta kamba polepole, na kadiri kamba inavyotoka ndivyo mdomo wa mpira unavyogeuka na kuuvaa ukingo wa bodi. Ikienda vizuri ni kama kumvalisha mtoto soksi. Ikienda vibaya kamba inakata mpira, na mnaanza upya.

Ni kazi ya watu wawili na haikwepeki. Ndiyo maana katika picha za zamani za gereji za nyumbani mara nyingi kuna mtu wa pili pembeni, kijana au mke au rafiki. Aliyevuta kamba alikuwa muhimu sawa na aliyeshika kioo, ila sifa zilikwenda kwa mwenye gari. Wazoefu pia walichagua siku ya jua, au waliuacha mpira juani kwanza, kwa sababu mpira wa baridi haukubali kugeuka. Na hakuna kupiga ngumi. Kioo kikigoma pembe moja, unarudi kwenye sabuni.

Huo ndio ufundi uliofanya nguzo za 1963 ziondoke kirahisi. Kama kubadili kioo kungehitaji kiwanda, nguzo nyingi zingepona.

Na kweli baadaye ukaja wakati wa namna hiyo. Miaka ilivyosogea viwanda vikahamia kwenye gundi nzito nyeusi inayokigandisha kioo moja kwa moja kwenye bodi, na kioo kikawa sehemu ya nguvu ya gari. Nyaya za kuyeyusha ukungu zikachapwa juu yake, kwingine hata antena ya redio. Ukivunja kioo cha nyuma cha Vitz au Passo leo, kamba na sabuni havikusaidii kitu. Unampata fundi vioo, anakata gundi ya zamani kwa waya mwembamba au kisu maalumu, anapaka mpya, na gari linatakiwa litulie mpaka gundi ishike. Wateja wa mjini kutulia hawawezi, wanataka waondoke nalo saa hiyo hiyo. Mafundi wanajua, wanachoka kueleza.

Turudi Detroit, maana hesabu ya pesa ndiyo inayouma. Corvette zenye paa za mwaka 1963 zilitengenezwa 10,594. Ni za mwaka mmoja tu, hakuna kabla, hakuna baada. Nyingine ziligongwa, nyingine ziliungua, nyingine zilioza. Na nyingine zilikatwa nguzo na wenyewe, kwa mikono yao, wakiwa wazima kabisa. Kadiri miaka ilivyopita, kile kilichokuwa kero kikawa ndicho kitambulisho. Watu waliokuwa watoto 1963, waliobandika picha ya gari hilo ukutani, wakakua wakapata pesa, na walichokuwa wanakitaka ni ile picha, pamoja na mstari wake wa katikati. Leo iliyotunzwa vizuri inaweza kuuzwa zaidi ya dola 100,000, yaani zaidi ya milioni 200 za Kitanzania. Ya 1964, yenye kioo bora zaidi cha kuonea, haifiki huko kirahisi.

Mhandisi alikuwa sahihi kuhusu barabara. Wa mitindo akashinda kwenye mnada, na wote wawili hawapo tena kuambiana chochote.

Kwa upande wa Beetle mambo ni yale yale. Zenye madirisha mawili ndizo zinazosakwa kuliko zote, zikifuatiwa na zile za yai. Lile dirisha kubwa la 1958, lililowafanya watu wa yai wajione washamba, ndilo lisilomsisimua mkusanyaji. Foleni imegeuka kichwa chini.

Na soko likishageuka, mafundi nao hugeuka. Ulaya na Marekani vinauzwa vipande vipya vya bati vyenye nguzo katikati, vya kuchomelea kwenye Beetle zilizokatwa zamani. Kwa Corvette kuna vipande vya faibaglasi na vioo viwili vya kurudishia. Kazi iliyochukua babu siku mbili kwa msumeno, mjukuu anailipia karakana miezi, pamoja na rangi ya gari zima kwa sababu kiraka hakifichiki.

Halafu wakaingia wajanja. Kama nguzo inaongeza thamani, kwa nini isiwekwe hata pale ambapo haikuwahi kuwepo? Zipo Beetle za yai zilizochomelewa nguzo ili zionekane za kabla ya 1953, na zipo Corvette za 1964 zilizovishwa sura ya 1963. Wengine wanafanya kwa mapenzi na wanasema wazi. Wengine hawasemi.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye pesa zake siku hizi haanzi na injini. Kwenye Corvette anatafuta namba ya gari kwanza: coupe ya 1963 huanza na 30837S, na kama haianzi hivyo mazungumzo yameisha. Kwenye Beetle analinganisha namba ya chesesi na mwaka, kisha anaingia kiti cha nyuma, anainua kidogo kitambaa cha dari juu ya dirisha, anawasha tochi ya simu na kupitisha kidole polepole pale nguzo inapokutana na paa, akitafuta alama ya kuchomelea.